Kichwa cha Paa

Chungu cha baba kipo nyuma ya nyumba, kimefunikwa kipande cha bati, na kutu imeshaanza kukila miguuni. Majirani huja kukiazima wanapokuwa na shughuli, na mimi huwakatalia bila hata kutafuta kisingizio cha maana. Wanaondoka wamenuna. Nawaacha wanune. Sikiazimishi, sikipikii, sikiuzi, na ukiniuliza nakiwekea nini nitakujibu vibaya, kwa sababu sijui.

Ni chungu cha chuma cha kusubu, kizito kiasi kwamba watu wazima wawili wakikinyanyua huusikia uzito mgongoni. Kina miguu mitatu mifupi, kwa hiyo hakitaki mafiga. Unakitua chini, unasukuma kuni chini ya tumbo lake, basi. Babu yangu alikitoa kwenye shamba la mpira, walikokuwa wakipikia vibarua, na shamba lilipokufa yeye akarudi nyumbani na chungu. Baba akisema kwamba babu alipewa. Mama, Mungu amrehemu, akisema kitu kizito namna ile hapewi mtu, hukichukua mwenyewe. Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, na sisi tukicheka kila mara kama tunasikia kwa mara ya kwanza.

Chungu hicho hakikuingia jikoni hata siku moja. Kilikuwa cha nyama ya mwituni peke yake, nyama ya mwituni ikipikwa nje, na mpishi alikuwa baba. Mama hakuruhusiwa hata kuonja chumvi. Sisi tunakaa Makangale, mashamba yanapokomea na msitu kuanza, na ujanani mwake baba alikuwa mtu wa nyavu na mbwa. Alikwenda msituni na wenzake wakarudi na paa, wale paa wetu wadogo wa Pemba, mnyama ambaye ukimweka kwenye ungo miguu yake haifiki ukingoni. Baadaye paa wakapungua, wakapigwa marufuku kuguswa, na baba akatundika nyavu zake darini. Alitii. Hakuwa mtu wa kupigana na serikali, alipigana na kaka yangu tu.

Nyama ilipokuwa tayari, hakuna aliyetia mkono kwanza. Kichwa cha mnyama kilikuwa kimewekwa pembeni tangu asubuhi, kwenye ungo, na kabla ya kula kililetwa mbele ya mkubwa wa wawindaji. Yeye akikigeuza, akipapasa vile vipembe vidogo vilivyojificha kwenye nywele za utosini, kisha akitazama shingoni kisu kilipopita. Alitaka kujua kama mnyama aliwahiwa yuko hai akachinjwa kwa jina la Mungu, au alifia wavuni akawa mzoga. Jambo la pili watu walilisema kwa kucheka, lakini lilikuwa kweli: zamani walikuwapo wajanja walioiba mbuzi wa watu wakawalisha wenzao kwa jina la paa. Kwa hiyo kichwa kwanza. Baba alipokuja kuwa yeye ndiye mkubwa, hakula paa hata mara moja bila kukiona kichwa, hata kama mnyama alimkamata kwa mikono yake mwenyewe. Nilipokuwa mdogo niliona ni ujinga. Si umemchinja wewe, unamkagua nani?

Ugonjwa wake ulianza na sauti. Ilikwaruza, tukasema mafua. Kisha chakula kikawa kinamkwama, akawa anakunywa maji kila baada ya tonge, tukasema meno. Tulisema kila kitu isipokuwa kile chenyewe. Hospitali ya Chake Chake wakamtazama kooni, tukapelekwa Unguja, tukavushwa Dar es Salaam, huko akachomwa mionzi mpaka ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Tukarudishwa. Daktari aliyetuaga alikuwa mpole sana. Alimpa baba mkono, akamwita mzee wangu, kisha akanivuta pembeni akaniambia, "Mpeni anachopenda." Nilifika nyumbani na neno hilo. Nilijua maana yake, na bado nikalichukua kama ni dawa.

Nikampa anachopenda. Uji wa mtama wenye tui, kama alivyozoea kwa mama. Changu wa kuchemsha na ndimu. Mkate wa kumimina nilioulowanisha kwenye chai ya maziwa mpaka ukalainika wenyewe. Akitia mdomoni, akitulia, kisha akinitazama kama mtu aliyeletewa kitu cha jirani kwa makosa.

"Mmetia nini humu?"

"Kitu gani, baba?"

"N'nauliza mie. Karatasi?"

Kule Dar es Salaam muuguzi mmoja alikuwa ameniambia kwamba mionzi huharibu ulimi, kwamba vyakula vinaweza kupoteza ladha, kwa wengine hurudi na kwa wengine hairudi. Nilimsikia kwa sikio moja. Nilikuwa nawaza boti, mizigo, na vipi nitamvusha mgonjwa ngazini. Baba hakuambiwa. Au aliambiwa akakataa kusikia, naye alikuwa na kipaji hicho. Yeye alishapata sababu yake mwenyewe: gesi. Nilikuwa nimenunua jiko la gesi, na yeye aliuona mtungi wake wa bluu kupitia mlangoni kila siku akiwa amelala.

"Moto wa gesi haupiki," alisema. "Watisha tu."

"Basi nitakupikia kwa kuni."

"Kuni pia kwa hivyo visufuria vyako vya karatasi?" Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, nami nikamshika kifua. Alipotulia akasema, kwa sauti ile iliyobaki kama mlango wenye kutu, "Mie n'na hamu ya paa. Paa wa chungu changu. Nikimpata huyo, n'takula. Utaona."

Nitakula. Alikuwa hajalitamka neno hilo tangu turudi. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama mbele ya chungu nikalia, tena kwa furaha, mjinga mimi. Nilikuwa nimeshafika mahali ambapo mtu anayekufa akisema ana hamu, wewe unasikia kwamba atapona. Akila paa atapata nguvu. Akipata nguvu atakula tena. Nilijenga nyumba nzima juu ya tonge moja la nyama.

Nikampigia simu kaka yangu. Yeye anafanya kazi bandarini Wesha, kupakia na kupakua mizigo, na huku kwetu ana shamba la muhogo ukingoni mwa msitu ambalo huja kulitazama akijaaliwa. Paa huingia mle kula majani machanga ya muhogo. Tunajua sote, na sote tunajua kwamba hawaguswi. Nilimweleza. Hakutia mzaha, na hiyo si tabia yake. Kaka yangu ni mtu wa mzaha tangu utotoni. Alipata kumwambia baba kwamba ng'ombe wake kazaa pacha, mzee akatoka mbio kikoi mkononi, kumbe ng'ombe amelala anacheua na mimba yake ile ile. Baba hakumsamehe moja kwa moja. Tangu siku ile, kaka akisema mvua inanyesha, baba alitoa mkono nje kwanza.

"Sawa, dada," akasema mwisho. "Mwambie angojee."

Alikuja asubuhi, siku ambayo nilikuwa nimeshakata tamaa naye, juu ya bodaboda, amepakata gunia, polo lililojaa kisamvu juu. Chini ya kisamvu mlikuwa na nyama, imekatwakatwa, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniambia alitega tanzi shambani kwake, akalala pale pale, akamkuta paa yu hai amesimama anatetemeka, akamshika, akasema jina la Mungu akampitishia kisu. Alikuwa anasimulia kwa kunong'ona.

"Kichwa kiko wapi?" nikamwuliza.

"Nimekizika. Na ngozi na kwato. Kule kule shamba."

"Baba atakitaka."

"Dada, ulitaka nipite nacho barabarani? Nikikutana na ntu?"

Nikalivuta polo ndani. Jirani yetu wa mlango wa pili mume wake ni mlinzi wa msitu, mtu mwema, husalimia baba kila akipita, na ndiyo maana tulimwogopa zaidi. Mtu mwema akikukamata unakufa kwa aibu. Niliona kaka ametumia akili. Nikasema moyoni kwamba baba kwa hali yake hii hatakumbuka mambo ya vichwa.

Tukakitoa chungu. Kilikuwa kimekaa miaka bila moto, tumbo limeshika kutu kama unga wa pilipili. Nilikisugua kwa mchanga na makumbi, nikakisuuza kwa maji ya moto, nikakipaka mafuta ya nazi ndani na nje, nikakiweka motoni kikiwa kitupu mpaka kikafuka moshi na rangi yake nyeusi ikarudi. Kuni zilikuwa za mkarafuu uliokufa nyuma ya nyumba, ngumu, kavu, zinazoshika moto polepole na kuung'ang'ania. Baba alikuwa kitandani karibu na dirisha, na dirisha linatazama pale pale. Aliposikia chuma kinagonga jiwe, akaanza kutoa amri. Sauti haikuwapo lakini amri zilikuwapo.

"Usitie maji!"

"Sitii, baba."

"Atajitoa maji mwenyewe. Chumvi na ndimu tu. Punguza moto huo, kwani wamchoma jini?"

Nilicheka. Kaka naye akacheka, amechuchumaa upande wa pili anasogeza kuni. Ilikuwa ni muda mrefu hatujatukanwa na baba, na tulikuwa tumekumbuka sana kutukanwa. Nikaipanga nyama chini, chumvi, ndimu, kitunguu thomu nilichokiponda, makonyo kidogo ya karafuu, vile vijiti vyake, kama alivyokuwa akitia yeye, nikafunika. Kisha nikapalia makaa juu ya mfuniko, moto chini na moto juu, nyama ikawa katikati inajichemsha kwa maji yake. Paa hana mafuta. Ukimharakisha anakuwa kamba. Inabidi ukae, ukae tu, usifunue kila dakika kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza, na hilo pia baba alinipigia kelele kupitia dirishani, kwa sababu nilikuwa nafunua.

Harufu ikatoka. Sijui niielezeje. Si ya mbuzi, si ya ng'ombe; ina kitu cha majani mabichi na ardhi iliyonyeshewa, na ikichanganyika na moshi wa mkarafuu inapanda mpaka kwenye paji la uso. Ni harufu ya utoto wangu wote. Nilitazama dirishani kuona kama baba anaisikia. Alikuwa amefumba macho na pua imeinuka. Nilidhani anaisikia.

Hapo ndipo jirani yetu alipopita, mke wa mlinzi, ndoo kichwani, akasimama uani kwetu kama kawaida yake.

"Hodi jamani! Harufu gani ino leo?"

Kaka aliganda na ukuni mkononi. Mimi nikasimama, nikajiweka kati ya jirani na chungu, nikasema kwa sauti ya juu, ya uchangamfu, sauti ya mtu asiye na la kuficha:

"Karibu, bibi! Mbuzi huyo. Tumechinja kijibuzi, baba kashikwa na hamu."

"Mbuzi anukia namna ino?"

"Chungu hicho, bibi. Vyungu vya zamani."

"Haya, Mungu amnyanyue mzee. Nami n'wekee kidogo." Akaondoka. Kaka akashusha pumzi. Nilijiona hodari kabisa. Sikugeuka kutazama dirishani.

Nilimalizia na tui zito la kwanza, nikaliacha likaukie kwenye nyama mpaka mafuta yakaanza kulia. Kaka akambeba baba kutoka ndani. Alimbeba peke yake, mikononi, kama unavyobeba nguo zilizofuliwa, na mimi nikaona jinsi alivyojitahidi uso wake usionyeshe kwamba hakuna uzito. Tulimkalisha kwenye mkeka karibu na chungu, mto mgongoni, maana yeye alikula paa pembeni ya moto siku zote. Nikachagua kipande laini cha paja, nikakichambua nyuzi nyuzi, nikakilowanisha na mchuzi wake. Akasema bismillahi. Akatia mdomoni.

Alitafuna muda mrefu. Aliacha, akatafuna tena. Nilikuwa natazama koo lake jeusi, nalisukuma kwa macho yangu. Akameza. Akayatazama makaa.

"Nani kanunua mbuzi yuno?" akauliza.

"Si mbuzi, baba," kaka akasema. "Ni paa. Nimemkamata mwenyewe."

"Weye."

"Wallahi, baba."

"Wallahi yako naijua. Ina pacha." Hakusema kwa hasira. Kisha akanigeukia mimi, na jinsi alivyonitazama ndiyo ninayoiona mpaka leo nikiosha vyombo, nikikunja nguo, nikifanya chochote kisichotaka akili. Mimi sikuwa mtu wa mzaha. Mimi nilikuwa yule ambaye hakudanganya. "Weye hudanganyi. Nimekusikia pale ukimwambia jirani mbuzi. Haya, niambie. Kichwa umekiona?"

Ningeweza kusema nimekiona. Neno moja. Lakini angenitaka niape, namjua, na mimi siwezi kumtaja Mungu juu ya kichwa ambacho sikukiona.

"Sikukiona, baba."

"Basi," akasema, akaisukuma sahani taratibu, kwa vidole viwili. "Si neno. Mmehangaika. Paa hapatikani siku hizi, najua. Lakini msin'danganye na mbuzi. Mbuzi hana ladha kinywani mwangu, huyo na karatasi mamoja. N'tangoja. Paa mwenyewe atapatikana tu." Akajiegemeza kwenye mto wake, na nitakavyokwambia hutaamini: alikuwa ametulia. Alikuwa na uso wa mtu mwenye miadi.

Kaka yangu, yule jibaba, mbeba magunia ya bandarini, alikwenda nyuma ya kibanda cha kuni akalia kwa sauti. Nilimsikia. Alilala shambani na mbu, aliingiza shingo yake kwenye kesi, mara hii moja katika maisha yake akasema kweli tupu, na akaitwa mwongo. Damu ikanipanda. Sikumkasirikia baba, sikumkasirikia kaka; niliukasirikia ule uongo wenyewe, kwamba umekaa katikati yetu na hakuna aliyemdanganya baba. Na kusema kweli ilikuwa pia kwa ajili yangu. Sikuweza kuvumilia baba afe akiamini kwamba binti yake alishiriki kumlisha mbuzi.

"Umekizika wapi?" nikamwuliza kaka.

"Mgomba wa mwisho, upande wa nsitu. Dada, acha."

Sikuacha. Nilichukua jembe nikaenda, mchana kweupe, jua linachoma. Udongo ulikuwa bado laini, nguruwe mwitu hawajaufikia. Nilichimba kwa jembe, kisha kwa mikono. Kilikuwa kimefungwa kwenye majani ya mgomba, kidogo, kikubwa kidogo tu kuliko ngumi zangu mbili. Nilikipangusa mchanga machoni. Nikakifunga ndani ya kanga yangu ya juu, nikakibana kifuani, nikarudi nacho kwa njia ile ile, nikipita mbele ya mlango wa mlinzi wa msitu kwa hatua za mtu anayetoka kwa shemeji yake. Ningekutana naye ningemwonyesha. Nilikuwa nimefurahi, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu, nikiwaza uso wa baba.

Nilikiosha, nikakiweka kwenye ungo kama zamani, nikaja nikautua ungo mapajani mwa baba, bado yuko mkekani. Kaka alisimama mbali, nyuma ya chungu.

"Kichwa hicho, baba."

Alikitazama. Akanyoosha mkono wake uliokonda, kidole gumba kikaingia kwenye nywele za utosini, kikatafuta, kikapata kipembe kimoja, kikapata cha pili. Akakigeuza. Akatazama shingoni, akaifuata alama ya kisu kwa ukucha, toka mwanzo hata mwisho.

"Kamuwahi," akasema. "Kachinja vizuri."

"Nilikwambia, baba," kaka akasema.

Baba aliendelea kukishika kichwa. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayefanya hesabu. "Nipe nyama," akaniambia. Nikampa kipande kingine, cha moto, kutoka chini kabisa ya chungu palipokaukia tui. Akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Nilimwona anatafuta. Anakipeleka shavu hili, anakirudisha shavu lile, anakibana na kaakaa, anangoja. Harufu ilikuwa imetuzunguka sote, nzito, mtu angeweza kuishika. Mwisho akakitoa kwa vidole, akakiweka ukingoni mwa sahani vizuri, kama kitu cha mtu mwingine.

"Basi ni mie," akasema.

Sikuelewa mara moja. Kaka ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu nilimwona anainama na kushika magoti.

"Nyama haina kosa. Chungu hakina kosa." Alikuwa bado ameweka mkono juu ya kichwa cha paa, kama anamtuliza. "Wala gesi ya watu. Ni mie, mwanangu. Nshakwisha."

Akamwita kaka, akamwomba radhi. Kaka akawa anasema hapana, baba, hapana, akimshika miguu. Kisha akaomba arudishwe ndani. Alipolazwa, akageuka, mgongo kwenye dirisha.

Hakuomba chakula tena. Nilimletea kila kitu, akashukuru kwa kila kitu, akafunga mdomo. Maji alipokea kwa kijiko kwa sababu nilimbembeleza. Ile miadi aliyokuwa nayo usoni pale mkekani, nimeitafuta kila nilipomfunika shuka na sikuiona. Kabla ya kichwa kile alikuwa mgonjwa mwenye njaa anayemngoja paa. Angeweza kumngoja wiki, angeweza kumngoja mwezi, kila siku akitukana gesi yangu na kumtilia shaka kaka, na kila siku ingekuwa siku. Mimi nilikwenda na jembe nikamletea ushahidi. Nilishinda kesi. Alizikwa kabla kuni za mkarafuu tulizozipasua siku ile hazijaisha pale uani.

Nyama ile hakuna aliyeila nyumbani kwetu. Kaka alikataa, mimi nilishindwa. Siku ile ile jioni nilijaza bakuli nikampelekea jirani, kwa kuwa aliomba, na iliyobaki nikaifukia pamoja na kichwa. Kaka amerudi Wesha. Hupiga simu siku za Ijumaa, huuliza hali, husema alhamdulillahi. Mzaha wake sijausikia tena, na shamba la muhogo ameliacha, paa na nguruwe wanajilia watakavyo.

Siku ya hitima jirani yetu alikuja mapema kutusaidia, akaketi na mimi kumenya thomu. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri. Alitaka kunipoza, nami nilijua anatafuta neno.

"Angalau mlimtimizia," akasema. "Alikufa keshakula alichokitamani. Nilikionja mie, kitamu kweli. Kwani alikuwa nini yule, mbuzi?"

"Mbuzi," nikasema.

Lilitoka bila taabu yoyote, jepesi, kama lilivyotoka mara ya kwanza pale uani. Jirani akatikisa kichwa akaendelea kumenya. Nami nikabaki nimeshika punje ya thomu, nikiwaza kwamba baba alikaa mbele yangu kwenye mkeka akangoja neno hilo hilo ili aendelee kumngoja paa wake, nami sikumpa.